Kuta Nilizozijenga Mkunguni

Mwanangu Twalib,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua: nimekuona sasa hivi ukitoka mlangoni na kanzu isiyopigwa pasi, unakimbilia Kizingo kumuaga shangazi yako. Najua hatakuachia upesi. Atakulisha kwanza, kisha atakushauri kuhusu chandarua, maji ya kuchemsha na mabinti wa watu, kwa hivyo mimi hayo nayaruka. Nina nafasi mpaka utakaporudi, na nina jambo moja lililonikwama kooni tangu Ijumaa. Sijalimeza wala sijalitema.

Ni ule mchoro.

Ulipofungua kompyuta yako mezani, sahani za biriani hazijaondolewa, ukanigeuzia kioo na kusema, "Mama, tazama. Ni soko lako la Mkunguni, nimelihamishia Tana," nilitazama. Nikaviona vibanda vyangu vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na kuta zake tatu na namba yake juu. Pembeni uliandika kwamba nafasi zitagawanywa kwa kura. Ukaniambia umeongeza upenu wa kukinga jua kwa sababu jua la huko si hili la kwetu. Nikasema maashallah, nikakusifu, nikainuka kwenda kuosha vyombo, mimi ambaye Ijumaa sigusi hata kijiko. Hukushuku kitu. Nadhani ulifikiri mamako amefurahi akaona haya kulia mbele yako.

Sikufurahi, mwanangu. Niliogopa.

Wewe umekua ukisikia sifa za mamako. Ulikuwa na miaka saba utepe wa kulifungua soko ulipokatwa, na mkubwa mmoja wa serikali akasimama akasema kwamba mwanamke mmoja wa Bondeni amewatoa wanawake wenzake matopeni. Siku hiyo umeishi nayo. Naamini ndiyo iliyokupeleka kusomea kazi hii. Sasa umepewa soko lako mwenyewe, katika mji mdogo kando ya mto, ambako akina mama wa Kipokomo huuza ndizi na maembe chini, na wa Kiorma husimama juani na vibuyu vyao vya maziwa. Umepewa na idhini ya kujenga. Juma lijalo fundi atakuuliza aanzie wapi. Nisipokwambia leo nilichokifanya Mkunguni, utakirudia kwa jina langu, ukidhani wanitukuza.

Bibi yako aliuza mchicha na mnavu Mkunguni tangu kabla sijazaliwa. Hayo unayajua. Usichokijua ni jinsi nilivyomwonea haya. Soko lilikuwa uwanja mtupu nyuma ya msikiti, na wanawake waliketi chini juu ya magunia, safu mbili zikitazamana, katikati wanunuzi wakipita. Masika yakianza mtaro ulifurika, na mamangu alipakata vikapu vyake mapajani akaendelea kuuza huku maji machafu yakimpita miguuni. Mimi nikitoka shule na sare yangu nyeupe nilizunguka njia ya nyuma, ili wenzangu wasijue kwamba yule aliyeketi pale topeni ni mamangu. Hilo sijapata kumwambia mtu. Nafikiri yeye alijua. Hakunisema hata siku moja.

Jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa Bi Rukia. Wewe utamkumbuka kidogo, yule mrefu aliyekuwa akikujaza mabuyu mfukoni ukarudi nyumbani na mdomo mwekundu. Sauti yake ilikuwa kubwa, akiita mteja Bondeni utadhani anamwita aliyeko kule Feri, mwisho wa kisiwa. Naye aliuza mboga, na malimau na pilipili. Pale karibu wote waliuza vitu vile vile, na mtu angetegemea wachukiane.

Lakini walikuwa na desturi yao. Mnunuzi wa kwanza wa siku walimwita ufunguzi, na mwenye kumpata alisema amefunguliwa. Aliyekwisha kufunguliwa, mnunuzi mwengine akimjia ilhali jirani yake bado hajauza kitu, alimwelekeza huko: "Nenda kwa yule, mimi nshafunguliwa." Hakuna aliyeiandika desturi hiyo, wala hapakuwa na mwenyekiti wa kuisimamia. Walitazamana tu. Mtu aliinua macho akaona kikapu cha mwenzake hakijaguswa, na hiyo ilitosha.

Babangu alipofariki, mamangu alitoka eda akarudi sokoni akakuta wateja wake wamezoea kwengine. Mwezi ule mzima Bi Rukia hakukubali kufunguliwa kabla yake. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili akimwambia mwanamke mmoja, "Mboga zangu leo zina mtanga, mamangu. Nenda kwa huyo dada, zake ni safi." Hazikuwa na mchanga. Nilizichungulia, zilikuwa mbichi zinametameta. Ile sare nyeupe niliyokuwa nikiionea fahari ilibaki mwilini mwangu mwaka ule kwa sababu ya mchanga usiokuwapo.

Basi mtoto aliyelishwa hivyo alikua, akasoma, akaajiriwa ofisi ya masoko. Nilianzia langoni na kitabu cha stakabadhi, nikapanda pole pole mpaka nikawa msimamizi wa soko lile lile, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Serikali ilipoamua kulijenga, niliapa kwamba hakuna mwanamke atakayeketi chini Mkunguni tena. Nilichora ramani kwa mkono wangu, kwenye meza hii ninayoandikia. Meza za saruji zenye vigae, paa la mabati, mabomba ya maji, mtaro uliofunikwa. Na kuta, ili kila mtu awe na pake.

Nataka ujue pia kwamba sikula hata shilingi, maana kesho na keshokutwa utasikia watu wakisema kwamba soko likiharibika basi kuna mtu amekula. Mke wa mheshimiwa mmoja alitaka kibanda cha mbele apate kukipangisha. Nilimwambia atie mkono kwenye sufuria achukue karatasi kama wenzake. Sufuria yenyewe ilikuwa ya Bibi yako, ile kubwa ya pilau. Nilijivunia kura ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa safi, nikaona na akili yangu haiwezi kukosea. Jihadhari na hapo, Twalib. Mwizi huogopa kukaguliwa, lakini mimi sikuwa na cha kuogopa, kwa hivyo sikumsikiliza mtu.

Juma moja kabla ya kura Bi Rukia alikuja ofisini na wenzake wawili. Nilikuwa na fundi na makarani, ramani imetandazwa mezani. Nilimwambia aketi, hakuketi.

"Mwanangu," akaniambia, "twashukuru kwa meza na paa, Mungu akulipe. Lakini hizi kuta twaomba zije kiunoni, zisipite hapo. Na hii kura, utuwate tuketi vile tulivyozowea. Twataka kuonana."

Nikamjibu mbele ya wote wale: "Bi Rukia, hili ni soko, si baraza la umbea."

Makarani wakacheka, na fundi akacheka. Bi Rukia akavuta buibui lake vizuri, akasema, "Haya, mwanangu," akatoka na wenzake. Nimesema maneno mengi makali katika kazi yangu, na mengi yalistahili. Hayo ndiyo yanayonirudia nikiwa jikoni peke yangu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Usinitetee kwamba sikufahamu. Nilifahamu vizuri sana kwa nini walitaka kuonana. Nilikuwa nimekula kwa kuonana huko. Lakini nilijiambia kwamba ufunguzi ni mambo ya watu walioketi matopeni. Nikaona kwamba mtu akipata meza yake na bomba lake na namba yake hatahitaji tena kuhurumiwa na jirani. Haya ilikuwa yangu mimi, ya yule msichana wa njia ya nyuma, nami nikawanywesha wao dawa yake.

Siku ya kura Bi Rukia alitoa karatasi ya kibanda cha mwisho kabisa, kwenye pembe ya vyoo. Hakulalamika.

Siku ya utepe, baada ya hotuba, nilimshika Bibi yako mkono nikamtembeza. Alikuwa ameacha kuuza kwa ajili ya magoti yake, anatembea kwa mkongojo. Nilitaka aione kazi ya mwanawe. Alipapasa vigae kwa kiganja, akafungua bomba akalifunga, akasema Mungu anibariki. Kisha akasimama ndani ya kibanda kimoja, akatazama kulia ukuta, kushoto ukuta.

"Rukia yuko wapi?" akaniuliza.

"Namba ya mwisho, Mama. Kule nyuma."

Halafu akasema, "Sasa mtu akipatikana na siku mbaya, ni nani atakayejua?"

Nilimwambia twende tukanywe soda, wageni wanangoja. Ndivyo nilivyomjibu mamangu.

Sikwambii kwamba soko halikufaa. Lilifaa, na ningekudanganya nikisema vyengine. Mvua ilinyesha na hakuna aliyepakata kikapu. Wa mbele walinawiri. Mnunuzi aliingia langoni, akapata alichotaka kwenye vibanda vitatu vya kwanza, akatoka. Na wale wa mbele hawakuwa watu wabaya. Ni wale wale waliokuwa wakisema "nenda kwa yule". Ila sasa wakiinua macho waliona ukuta, wala hapakuwa na wa kuwaonyesha kikapu kisichoguswa. Baada ya miezi michache midomo yao ikasahau maneno yenyewe. Kule nyuma mboga zilinyauka juu ya vigae vyangu vizuri. Wakaondoka mmoja mmoja, na Bi Rukia akawa wa tatu au wa nne.

Tulikuwa na kanuni kwamba kibanda kikikaa bila mtu mwezi mzima hupewa mwengine. Kanuni hiyo niliitunga mimi, kuzuia watu wasihodhi nafasi. Mwezi ulipotimia niliandika ilani, nikaipiga muhuri, nikaenda kuibandika mwenyewe kwenye ukuta wa kibanda cha mwisho. Nyumba ya Bi Rukia iko hatua chache kutoka pale, hata chai niliyoiacha mezani isingepoa. Sikwenda. Nilirudi ofisini nikainywa chai yangu.

Bibi yako alipofariki, Bi Rukia alikuja. Alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Alimwosha mamangu kwa mikono yake miwili, akamfunga sanda, akatoka ukumbini akanipa pole ya haki yangu, kama anavyopewa mtu wa mtaa mwengine. Wewe uliniona nikilia siku ile ukanishika bega. Nililia wawili, mamangu na Bi Rukia.

Tangu hapo ni miaka mingi. Tumepishana vichochoroni, tumeamkiana, "Waambaje?" "Salama," kila mtu na njia yake. Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na cheti. Soko likapata msimamizi mwengine, kisha mwengine. Kila nilipotaka kwenda kwake nilipata sababu ya kutokwenda, na sababu hazijapata kunipungukia. Pengine ningekufa hivyo hivyo. Lakini Ijumaa ulinigeuzia kile kioo, nikaziona kuta zangu zinaondoka Mombasa kwenda kwa wanawake wasionijua wala kunikosea.

Leo baada ya alasiri, ulipokuwa ukifunga mabegi, nilikwambia naenda kununua nazi. Nilikwenda kwa Bi Rukia.

Amezeeka, Twalib. Ule urefu umeinama. Huuza barazani kwake, sinia moja tu ya malimau na pilipili, na mafungu machache ya mchicha kwenye ungo. Nilipofika nilitoa salamu, akaitikia, nikasimama nimeshika kikapu changu, na ulimi wangu ukafanya ule ujinga wake wa kiofisi. Nikasema, "Bi Rukia, nataka vyote hivi, nifungie."

Hakugusa kitu. Akaniuliza, "Umekuja kununua ama umekuja kunitaka radhi? Tagua moja. Yote mawili kwa mara moja hayendi."

Nikaweka kikapu chini. Nikaketi juu ya sakafu ya baraza, mbele ya sinia. Sikuwa nimeketi chini mbele ya watu tangu utoto wangu. Nikamwambia, "Bi Rukia, nisamehe."

Akawa anapunga nzi kwa kipande cha karatasi. Mara akaja mwanamke mmoja akataka mchicha mafungu mawili. Bi Rukia akamwonyesha kwa kidevu baraza la pili. "Nenda kwa Fatma, hajafunguliwa. Mimi nshafunguliwa."

Mwanamke akaenda. Mimi nikautazama ungo. Mafungu yalikuwa yamepangwa sawasawa, hakuna pengo, na juu ya sinia hapakuwa na limau lililoondoka mahali pake.

"Bi Rukia," nikamwambia, "wewe hujafunguliwa."

"Najua," akasema. "Lakini Fatma mumewe yuwaumwa."

Hapo nililia, na sikuona haya. Nililia barazani kwa watu, kichochoroni Bondeni, wapita njia wakinitazama. Bi Rukia aliniwacha nikalia mpaka nikamaliza. Hakunibembeleza. Kisha akaniuliza habari zako.

"Nasikia kijana amepawa soko."

"Ndiyo, Bi Rukia. Huko Tana. Aondoka kesho alfajiri."

"Na yeye atajenga?"

"Atajenga. Mchoro wake ni ule ule wangu."

Akacheka kidogo, bila ya furaha. Akachukua malimau mawili, akayatia mkononi mwangu, akanikunja vidole. "Haya si ya kuuza. Ni ya kijana wangu, ayanuse njiani asitapike." Halafu akasema haya, nami nayaandika kama alivyoyasema, sikupunguza wala sikuongeza: "Wewe nimekusikia. Sikuchukii, na mamako alikuwa dadangu. Lakini kukusamehe leo siwezi, maana kosa lenyewe halijesha, lasafiri kesho. Siku ntakayoletewa habari kwamba wale wanawake wa huko wameketi waonana mato kwa mato, siku hiyo ujuwe nimekusamehe. Nikiwa hai ama nimekufa."

Ndiyo hayo, mwanangu. Malimau yako kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako dogo.

Sikuambii uchore nini. Mimi nilichora peke yangu mezani, na unaona yaliyotokea. Huenda wale wa huko hawana ufunguzi; huenda wana jambo lao jengine ambalo mimi wala wewe hatujapata kulisikia, na halitakuwa kwenye karatasi yoyote utakayopewa ofisini. Huenda hata kuta wanazitaka. Mimi sijui. Najua tu kwamba kuna mwanamke huko atakayekuja ofisini kwako na wenzake wawili, utakapokuwa na fundi na watu wa kukusifu, na ombi lake litakuwa dogo hata la kuchekesha. Akija, watoe wale wengine. Umkalishe. Akikataa kuketi, simama wewe.

Kuna jengine, nalo ni la kuniponya mimi tu. Nilikuficha haya kwa miaka hii yote kwa sababu nilipenda namna ulivyokuwa ukinitazama. Kila mtu alikuwa na lake la kunisema, lakini wewe ulikuwa na siku ile ya utepe machoni mwako, nami sikutaka kuipoteza. Kama ukisoma hapa unaiona inapotea, iache ipotee. Nitalia, kisha nitazoea. Afadhali nikose heshima yako kuliko uipeleke ukaitumie kujengea.

Nasikia mlango wa chini. Nadhani ni jirani, si wewe bado, lakini nifupishe.

Kabla hujatoka jioni hii ulipiga magoti hapa ukaniinamishia kichwa ukanitaka radhi za safari, kama alivyokufundisha Bibi yako. Nilikuwekea mkono kichwani nikakupa. Nataka uhakikishe moyoni kwamba nilikupa zote, hazina sharti, hazingoji kitu, hata ukijenga kuta mpaka mawinguni. Za mzazi haziwekwi rehani.

Lakini msamaha wangu mimi unao wewe. Uko kwenye begi lako, pamoja na mchoro na malimau.

Mamako